Mtu wa Pili Katika Nyumba ya Mzee Aliyepoteza Kumbukumbu

Mazungumzo kwa wakazi wa kata za Manispaa ya Temeke, kuelekea Siku ya Wazee Duniani, Oktoba 1, 2021



Kiswahili kinamtofautisha muuguzi na mtu anayeuguza. Muuguzi amesomea kazi yake, huvaa sare, huingia zamu kwa saa inayojulikana na kuikabidhi zamu hiyo kwa mwenzake. Anayeuguza ni mtu wa nyumbani: binti, mkamwana, mke, na mara nyingine mjukuu aliyemaliza shule na hajapata kazi. Hana sare, hana mshahara, na hana wa kumkabidhi zamu. Mazungumzo haya yanamhusu yeye, na hasa yule anayemuuguza mzee aliyepoteza kumbukumbu, katika kipindi ambacho UVIKO-19 ulizifanya nyumba nyingi kuwaogopa wageni.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Mitaani husemwa kwamba mzee "amerudia utoto" au kwamba "uzee umemzidi". Wapo pia, kwa bahati mbaya, wanaonong'ona kwamba amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ndiye mchawi. Maneno hayo hayana ukweli, na hayo ya mwisho yamekwisha kuwagharimu maisha wazee wengi, hasa wanawake, katika baadhi ya mikoa ya nchi hii. Kusahau mahali funguo zilipowekwa ni jambo la kawaida kwa mtu wa umri wowote. Kusahau kwamba funguo ni za kufungulia mlango ni jambo jingine. Mzee anayeuliza swali moja mara kumi ndani ya saa moja, anayepotea kwenye njia ya msikitini aliyoipita kwa miaka thelathini, au anayemwita binti yake kwa jina la dada aliyekwisha kufariki, huyo huenda ana ugonjwa wa ubongo ambao wataalamu huuita dimensia. Aina inayoonekana zaidi ni ile ya Alzeima. Nyingine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo kwa sababu ya shinikizo la damu, kisukari au kiharusi.

Ugonjwa huo hauna dawa ya kuuponya hadi leo. Hata hivyo, si kila mzee anayechanganyikiwa anao. Malaria, maambukizi katika njia ya mkojo, sonona, upungufu wa vitamini, kutosikia vizuri, na hata dawa zinazogongana mwilini huweza kumchanganya mtu, na mengi kati ya hayo hutibika. Ndiyo sababu mzee hupelekwa kituo cha afya akapimwe kabla nyumba haijaamua kwamba "ndiyo uzee huo".

Wapo wanaodhani kwamba maradhi haya ni ya Ulaya, yanayowapata wazee wanaoishi peke yao. Uchunguzi uliofanywa katika Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013, uliwafikia wazee karibu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ukakuta kwamba takriban sita katika kila mia walikuwa na dimensia. Huko Hai pia kilitengenezwa kipimo kifupi kisichohitaji mzee awe anajua kusoma na kuandika: hupewa maneno ayakumbuke baada ya muda, na hupewa njiti za kiberiti azipange kwa mfano aliooneshwa. Njiti za kiberiti zipo katika kila jiko la mtaa, na wazee wa Hai ni wazee kama wa Chamazi na Toangoma.

Septemba 2, 2021, Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa iliyokadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 duniani walikuwa wakiishi na dimensia, na kwamba zaidi ya asilimia 60 kati yao walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, ndugu na marafiki wa mgonjwa mmoja hutumia wastani wa saa tano kila siku kumhudumia, na asilimia 70 ya saa za uangalizi hutolewa na wanawake. Mwanamke wa Charambe anayeishi chumba kimoja na mgonjwa wake akizisikia hizo saa tano huenda akacheka, kwa kuwa kwake yeye saa huhesabiwa kuanzia alfajiri hadi alfajiri.

Saa hizo ziliongezeka tangu janga lilipoingia. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16, 2020. Kesho yake ikatangazwa kwamba shule zifungwe, na wanafunzi wengi hawakurejea madarasani hadi Juni 29. Daladala ziliamriwa kubeba abiria waliokaa tu, ile iliyoitwa levo siti, na dada aliyekuwa akitoka Bunju hadi Mbande kila Jumapili kumpokea mwenzake akajikuta anasimama kituoni saa nzima, tena kwa kila gari analobadilisha. Ndoo za maji tiririka zikawekwa kwenye milango ya maduka, barakoa zikavaliwa, na watu wakaelezwa wakae umbali wa mita moja. Yote hayo yalikuwa na sababu nzuri, kwa kuwa wazee na wenye maradhi ya kudumu ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa na ugonjwa huu.

Lakini Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na nyumba yenye mgonjwa wa kusahau huishi kwa methali hiyo kuliko nyumba nyingine yoyote. Jirani aliyeingia kusalimia alimpa anayeuguza nafasi ya kuoga. Mzee mwenziwe aliyekuja kucheza bao alimpa nafasi ya kwenda gengeni. Walipoacha kuja kwa hofu ya kuleta maradhi, walidhani wamemlinda mzee. Walimlinda, ni kweli. Ila yule aliyekuwa akipona kwa kuja kwao alibaki peke yake, na hakuna tangazo lililomtaja.

Mfano ufuatao haukusudii nyumba ya mtu yeyote, lakini wengi wataitambua. Ni nyumba ya vyumba vitatu, ua wa mabati, choo cha pamoja na wapangaji wawili. Bibi ana miaka 78. Mwanawe ni dereva wa lori la masafa marefu, na anayebaki na bibi ni mkamwana, ambaye hukaanga maandazi na kuyauza asubuhi kando ya barabara. Saa tisa usiku bibi ameamka, anafunga kanga zake katika furushi, anataka kwenda kwao Rufiji. Mkamwana anamweleza kwamba hapa ndipo kwake, kwamba Rufiji hana mtu tena. Bibi analia, kisha anatukana. Saa kumi na moja moto unawashwa, unga unakandwa, na bibi anatakiwa anawe mikono kwa sabuni. Ananawa. Dakika tano baadaye amesahau kwamba amenawa, au ameshika takataka, au anakataa katakata kwa kuwa anaona anafanywa mtoto. Mkamwana anavaa barakoa ili asimletee mzee maradhi ya barabarani, naye bibi anamwona mtu asiye na uso akiingia chumbani na kupiga kelele za mwizi. Wapangaji wanatoka nje. Ikifika saa mbili, maandazi yako kwenye beseni, wateja wanapita, na mlango wa bibi unafungwa kwa kufuli kwa nje.

Jambo la kufuli linahitaji kuzungumzwa bila kuficha. Mzee aliyefungiwa huweza kuungua, kuanguka, au kukosa maji ya kunywa wakati wa joto, na moto ukitokea hana pa kutokea. Ni hatari, na ni kumvunjia mtu heshima yake. Hata hivyo, anayefunga kufuli hilo kwa kawaida si mkatili. Amepima vitu viwili, riziki ya nyumba na usalama wa mzee, na hakukuwa na mtu wa kumsaidia kushika upande mmoja wa mizani. Majirani wanaojua kuhusu kufuli hilo na kulizungumza kisimani, bila kubisha hodi na kusema "nenda kauze, nitakaa naye mpaka saa nne", wanalo fungu lao katika jambo hilo.

Kwa hiyo ushauri mkuu ambao kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii inaombwa kuuchukua ni mmoja: itafutwe sasa, kabla ya shida, mtu wa pili. Asiwe mtu wa kuitwa siku ya msiba. Awe anajulikana kwa jina, amekubali kwa kinywa chake, na anafika. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Yule mkamwana akipata homa na kikohozi leo, akatakiwa ajitenge au alazwe, ni nani atakayeingia chumbani kwa bibi kesho alfajiri? Katika nyumba nyingi swali hilo halijawahi kuulizwa. Mgonjwa wa kusahau hawezi kukabidhiwa kwa mtu mgeni kama kifurushi. Atakataa chakula cha mkono asioujua, hatakubali kuvuliwa nguo na mtu asiyemfahamu, na katika siku tatu anaweza kudhoofika kuliko alivyodhoofika katika mwaka mzima.

Mtu wa pili hujifunza kwa kufanya. Aje saa mbili kwa siku mbili za wiki, na siku hizo ziwe zile zile, kwa kuwa mgonjwa huyu hutulizwa na mazoea. Aoneshwe dawa ziko wapi na hutolewa saa ngapi, uji hupikwa mwepesi au mzito, bibi huogeshwa kuanzia miguuni au kichwani, huitikia jina gani, na ni wimbo au dua ipi inayomtuliza jua linapokuchwa, kwani wengi wao huchafuka zaidi jioni. Mambo hayo yaandikwe kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani, pamoja na namba za simu za ndugu. Karatasi hiyo itasaidia siku ambayo anayeuguza hana sauti ya kueleza.

Na tahadhari za UVIKO-19 je? Hazipingani na jambo hili zikifuatwa kwa akili. Kilichokuwa kikizuiwa ni msongamano, yaani watu kumi kuingia chumba kimoja kumsalimia mzee. Mtu mmoja yule yule, asiye na homa wala kikohozi, aliyenawa mikono mlangoni, aliyevaa barakoa, akakaa na mzee barazani au chumbani huku dirisha likiwa wazi, ni hatari ndogo kuliko anayeuguza kuanguka kwa uchovu. Kuhusu hofu ya barakoa, lipo jambo dogo linalosaidia: mtu asimame mlangoni kwa umbali, aishushe kwa muda mfupi, ataje jina lake na jina la mzee, kisha aipandishe ndipo asogee. Sauti humfikia mgonjwa wa kusahau hata pale uso unapomkimbia. Na badala ya kumwamrisha anawe, anayeuguza anawe pamoja naye, ndoo moja, sabuni moja, kabla ya kila mlo, kama watu wanaojiandaa kula. Mkono unakumbuka yale ambayo kichwa kimeyasahau.

Hapo pana neno kwa watoto wa kiume, na lisichukuliwe kuwa ni lawama. Wapo wengi wanaotuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi na kuamini kwamba sehemu yao imekwisha. Fedha hizo ni msaada mkubwa. Hununua dawa za presha, sabuni na nepi za watu wazima, ambazo si rahisi. Lakini fedha haiogeshi, na haikai macho saa tisa usiku. Mwana aliye mbali asiyeweza kufika anaweza kupiga simu kila siku saa kumi na mbili jioni na kuzungumza na mama yake nusu saa, hata kama mazungumzo ni yale yale ya jana. Ndani ya nusu saa hiyo mkamwana atapika bila kuitwa. Na akifika nyumbani kwa likizo, basi zamu ya usiku iwe yake, mke na dada zake walale.

Kuhusu bibi anayetaka kwenda Rufiji saa tisa usiku, wenye uzoefu wanashauri asibishiwe. Anayebishana na mgonjwa huyu kwa hoja hushindwa kila siku, kwa kuwa mwenzake hazikumbuki hoja za jana. Aulizwe habari za Rufiji: mto ulijaa lini, shamba la mpunga lilikuwa upande gani, nani alikuwa akilinda ndege. Mara nyingi akishasimulia hutulia, kwa sababu alichokuwa akikihitaji ni kuwa mahali anapofahamika. Kazi za mikono nazo humsaidia mchana: kuchambua mchele, kukunja kanga, kusuka ukili ikiwa alikuwa msusi. Kule Hai, kabla ya janga hili, waliwahi kukusanywa wazee wenye dimensia katika vikundi vidogo vya kuchangamsha akili kwa mazungumzo, michezo na nyimbo, na hali zao zilionekana kuwa bora baada ya wiki kadhaa. Wakati wa janga vikundi vilikuwa vigumu, lakini wimbo na mchele havihitaji kikundi.

Yapo mambo mawili ambayo hayapaswi kusubiri. La kwanza ni mabadiliko ya ghafla. Dimensia hukua polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa akizungumza jana, leo amelala tu, hataki kula, anaweweseka au anaona watu wasiokuwepo, huyo ana maradhi mengine juu ya ule wa awali. Katika umri huo UVIKO-19 unaweza kuanza hivyo hivyo, bila homa na bila kikohozi. Vivyo hivyo malaria na vichomi. Asiambiwe kwamba "amezidi tu". Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke, na ndugu anayemfahamu aandamane naye aeleze alivyokuwa kabla, kwa kuwa daktari asiyemjua hawezi kuona tofauti. Ushauri hupatikana pia kwa namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo haina malipo.

La pili ni kupotea. Mitaa ya pembezoni ina vichochoro vinavyofanana, nyumba zinazoongezeka kila mwezi, na alama zinazobadilika. Mtu mwenye akili timamu hupotea Mbagala, seuze bibi. Namba ya simu ya nyumbani ishonwe kwenye pindo la nguo au iandikwe ndani ya kofia, si kwenye karatasi atakayoitupa. Mjumbe wa shina, vijana wa kijiwe cha bodaboda na mwenye duka la pembeni waelezwe mapema, bila aibu, kwamba mzee huyu husahau na kwamba akionekana amevuka barabara arudishwe kwa upole. Familia nyingi huficha jambo hili kwa kulinda heshima ya mzee. Heshima yake hulindwa zaidi na vijana wanaomsalimia kwa jina na kumsindikiza nyumbani. Akikosekana, taarifa itolewe mara moja kwa Serikali ya Mtaa na polisi. Vipaza sauti vya misikiti yetu vimekwisha kuwarudisha wengi kabla ya magharibi.

Kisha anayeuguza mwenyewe. Mgongo humuuma kwa kunyanyua, usingizi humpungua, na mwezi wake hupita bila kwenda kwenye kikoba, kwenye sherehe wala kwenye ibada. Baada ya muda huja hasira, na baada ya hasira huja majuto. Wapo waliowahi kumsukuma mzee, au kumfinya, au kumnyima chakula kwa ukali, kisha wakalia chooni. Mzee hapaswi kupigwa kwa sababu yoyote, na atakayeshuhudia mzee akiteswa anatakiwa atoe taarifa. Lakini anayehisi mkono wake unataka kunyanyuka hana haja ya kungoja unyanyuke. Atoke nje, amwite jirani, akae uani dakika kumi. Na akiona kwamba siku hizo zimekuwa nyingi, azungumze na Afisa Ustawi wa Jamii au mhudumu wa afya wa kituo chake, ambao wamekwisha kuyasikia hayo na hawatamshangaa.

Kuhusu chanjo, Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua nchini Julai 28, 2021 kwa kuchanjwa yeye mwenyewe, na watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi pamoja na wenye maradhi ya kudumu waliwekwa katika makundi ya mwanzo. Chanjo ilikuwa bure na ya hiari, na aliyechanjwa alijaza fomu ya ridhaa. Kwa mgonjwa wa kusahau suala hili linahitaji subira. Aelezwe kwa lugha yake, kwa maneno machache, katika saa ambazo akili yake huwa tulivu, ambazo kwa wengi ni asubuhi, na familia izungumze na mtoa huduma kabla ya kufika kwenye kiti. Mzee asiburutwe, na asidanganywe kwamba anapelekwa harusini. Aende mapema, apitie dirisha la wazee pale lilipo, na afuatane na mtu anayemwamini. Anayemuuguza naye achanjwe, na mtu wa pili pia, kwa sababu wao ndio mlango ambao maradhi hupitia kumfikia mzee asiyetoka nje.

Zipo pia huduma ambazo wakazi wana haki ya kuziulizia. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, na wazee wasio na uwezo hutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Safari ya kupata utambulisho wa msamaha huo huanzia ofisi ya Serikali ya Mtaa. Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF, ambao kipindi chake kimoja kilizinduliwa Februari 2020, ulizihusu kaya masikini zikiwemo zenye wazee. Mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia kumi ya mapato ya ndani ya Halmashauri hutolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hapa vikundi vya wanawake vinaombwa jambo moja: mwenzao anayeuguza asifutwe uanachama kwa kukosa vikao. Kikao kimoja kwa mwezi kinaweza kufanyika barazani kwake, kwa watu wachache na kwa umbali.

Sera hiyo hiyo iliiona familia kuwa ndiyo mahali pa kwanza pa kumtunza mzee, na makazi ya Serikali, kama yale ya Nunge kule Kigamboni, kuwa ni kwa wale wasio na mtu kabisa. Wazo hilo ni la kiungwana na linaafikiana na mila zetu. Lakini likisomwa na mtu aliyepumzika, familia huonekana kama watu wengi waliokaa mkekani. Ukiingia ndani ya nyumba, mara nyingi familia ni mwanamke mmoja. Zanzibar, tangu mwaka 2016, kila mzee aliyetimiza miaka 70 hupewa pensheni ya kila mwezi, iliyoanza kwa shilingi 20,000. Tanzania Bara haina mpango wa aina hiyo kwa wazee wote, na hadi utakapokuwepo, msaada ulio karibu zaidi na nyumba hizi ni ule unaotoka nyumba ya jirani.

Katika maandalizi ya Siku ya Wazee, wajumbe wa mashina na mabaraza ya wazee wa kata wanaombwa watambue nyumba zenye wazee waliopoteza kumbukumbu, na katika kila nyumba waulize maswali mawili: anayeuguza ni nani, na akiugua yeye ataingia nani. Pale ambapo swali la pili halina jibu, taarifa ifikishwe kwa Afisa Ustawi wa Jamii kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata. Si lazima anayeuguza aende mwenyewe. Jirani, mpangaji au mtoto mkubwa wa nyumba anaweza kwenda kwa niaba yake, kwa kuwa yeye, saa za ofisi, huwa hana wa kumwachia mzee.